Njia ya Kutoka Pleiku

Jumamosi, Ansab, Maskati. Joto limewahi mwaka huu, na vumbi limeificha milima yote. Nimejifungia chumbani. Sitaki kuonana na mtu.

Leo nimemdanganya mama wa watu.

Kaka yangu kamuoa Hoa, Mvietnamu aliyesoma naye Malaysia. Mama yake Hoa amekuja kututembelea. Baada ya chakula cha mchana alikaa karibu yangu, akanishika mkono. Hoa akatafsiri, kwa Kiswahili alichojifunza jikoni kwa mama yangu.

"Wifi, mama kasikia kazi yako ramani. Anataka umtafutie pahala."

Nikafungua kompyuta kwa furaha. Kumbe amezaliwa Pleiku, mji uliokuwa makao makuu ya mkoa, kule nyanda za juu. Nikamwonyesha ziwa lililojaa kwenye mdomo wa volkeno ya kale, mashamba ya kahawa, udongo mwekundu. Nikamwonyesha barabara zinavyokutana: kaskazini Kon Tum, magharibi Kambodia, mashariki baharini. Ndiyo maana majeshi yaliugombania mji ule. Aliyeushika ameshika njia.

Akatikisa kichwa. Hakutaka ziwa.

Akasimulia: mwaka wa mwisho wa vita vya Vietnam, jeshi la Kusini liliamriwa kuondoka Pleiku. Barabara kuu ya kwenda pwani ilishakatwa, wakapita njia mbovu iliyotelekezwa, na raia wakawafuata. Yeye alikuwa na miaka kumi na miwili, kambeba mdogo wake mgongoni. Msafara ulikwama karibu na mto Ba, mizinga ikawapiga. Mtoto akafa. Wakamzika kando ya njia, wakaendelea kutembea.

"Anauliza, ni wapi?"

Mimi naweza kukaa ofisini Maskati nikakwambia urefu wa kilima chochote duniani. Lakini njia ile imejengwa upya, mto umehama, na kaburi la mtoto lisilo na jiwe halionekani kutoka angani.

Nilitaka kusema sijui. Akanitazama. Kidole changu kikatua kwenye kona moja ya mto, penye miti.

"Hapa."

Alilia bila sauti. Kisha akasema neno, Hoa akalitafsiri.

"Anasema akirudi atakwenda kufukiza udi hapo. Umwandikie njia."

Sijawahi kujiona mtu wa bure kama leo.

Anaondoka Jumanne. Karatasi iko mbele yangu, nimeandika jina la mji tu. Mama yangu kashagonga mlango mara mbili.

"Salma, mgeni anakuulizia."

Nitoke nikamwambie nini?