Mbwa wa Kilonzo Amepata Kwao

Mjini Wote, Jumatatu

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu ndefu kama barabara ya Kampala, ambayo mimi mwanao naijua kona kwa kona. Dada Kanini akusomee polepole, asiruke mahali pa kuhuzunisha kama kawaida yake. Goti lako linasemaje? Yule ng'ombe mwekundu bado anasimama? Na huko mtoni, mkichimba mchanga bado mnapata maji? Huku mjini Wote hata waliokuwa wakikataa chai yangu kwa sababu haina maziwa, sasa wanaiomba bila sukari.

Mguu wangu uliovunjika umeunga. Natembea na fimbo, tena kwa madaha, watu wanadhani mimi ni chifu. Lakini Kilonzo dereva wangu tulimzika, kama mlivyosikia. Lori ilipopinduka tulikuwa watatu ndani: yeye, mimi tanboi, utingo wake, na mbwa wake mdogo ambaye alikuwa anasafiri naye kila mahali. Mbwa alitoka bila mkwaruzo, akabaki mikononi mwangu.

Mwaitu, mimi nimelala Kampala, nimekula samaki Kisumu, lakini mnyama kama huyu sijaona. Usiku halali! Hubwekea kuku, hubwekea upepo, hubwekea kivuli chake mwenyewe. Mwenye nyumba ninayopanga ni mzee wa kanisa. Jumapili moja aliamka akakuta kiatu chake kimetafunwa ulimi. Akaniita mbele ya wapangaji wote.

“Mutinda, huyu shetani atoke kabla ya Jumapili ingine. Asipotoka nitamwekea dawa ya kupe kwa uji.”

“Mzee, hata Nuhu alibeba mbwa.”

“Nuhu hakuwa na wapangaji.”

Nikampeleka kwa kontrakta mmoja mwenye nyumba ya mawe na geti. Unajua mdomo wangu. Nikamwambia mama ya huyu mbwa alikuwa wa polisi, ati akikomaa atashika mwizi na kumpeleka stesheni mwenyewe. Kontrakta akafurahi sana. Siku chache baadaye nikaenda kumwona mbwa, nikamkuta amefungiwa ndani ya sanduku la mbao, giza tupu, chakula chake kimejaa pilipili. Ndivyo wanavyofanya ili mbwa awe mkali. Aliponiona hakubweka. Alijikojolea tu.

“Mbwa wako ni mwoga,” kontrakta akasema. “Umeniletea uongo.”

“Uongo ni wangu, bosi, si wake. Nirudishie.”

Alimrudisha kwa teke, na fimbo yangu nusura imfundishe adabu.

Palibaki mahali pamoja tu, kwa mama yake Kilonzo. Sikuwa nimefika huko tangu mazishi. Ningemwambia nini, mimi niliyetoka kwa lori hiyo hiyo nikiwa hai? Na kumpelekea mdomo mwingine wa kulisha, njaa hii! Lakini Jumapili ilikuwa inakaribia. Nikaenda nikichechemea.

Nilimkuta ameketi kando ya kaburi la mwanawe, panga mapajani. Mwaitu, hukuona mazishi yale. Chini kulikuwa na mawe matupu na wachimbaji walikuwa na njaa. Shimo lilifika kiunoni, wakashindwa. Sasa mifugo imekufa kila mahali, fisi wamezoea kula bila kufukuzwa, na usiku wanakuja kuchakura pale. Mama amerundika miiba na mawe, lakini halali tena. Uso wake umebaki macho tu.

“Umeleta nini?” akaniuliza.

“Mbwa wa Kilonzo, mama. Lakini nakuonya, halali huyu. Atakusumbua.”

“Halali kabisa?”

“Kabisa.”

Tukimtazama, mbwa alinusa ile miiba, manyoya ya mgongo yakasimama, akaanza kubweka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu lile sanduku.

“Basi mimi nitalala,” mama akasema.

Halafu akaingia ndani, akarudi na mbaazi kidogo kwenye pembe ya leso. Nikakataa.

“Mbwa hapokelewi bure, Mutinda. Atarudi alikotoka. Unataka arudi kwako?”

Nikachukua. Mlango ulikuwa wazi, nikaona kibuyu alimozitoa amekiinamisha sakafuni. Hakikuwa na kitu.

Kwa hiyo, Mwaitu, lile debe la mahindi nililoahidi litafika nusu. Nusu ingine nimepeleka kule. Usinikasirikie. Kama ningekuwa mimi chini ya yale mawe, Kilonzo angekuletea wewe.

Nisalimie Baba mdogo, umwambie bado namshinda kwa urembo hata nikiwa na fimbo. Nisalimie mke wa pasta, jirani yetu wa kisimani, na Kanini mwenyewe, ambaye najua sasa analia na kuharibu karatasi. Usiku mkisikia fisi, mwombeeni yule mama.

Ni mimi mwanao niliyebaki,
Mutinda