Mashine ya Akiba na Mbuzi za Mumbua

Gaborone, Botswana
Jumatano

Mdogo wangu Mutua,

Mko wazima hapo Mitaboni? Mwaitu, mama yetu, bado magoti yanamsumbua, ama ilikuwa baridi tu inamwonea? Na wewe, lile tumbo umelipunguza, ama bado linaingia darasani kabla ya mwalimu mwenyewe? Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho kimeharibika, ingawa najua utasema hakijawahi kuwa kizuri.

Niseme mara moja: Jumamosi siji. Tikiti niko nayo mfukoni, lakini ruhusa imefutwa kwa ajili ya kompyuta ya kazini. Mbuzi za ntheo, za kumposa Mumbua, zitafika kwangu na mimi sipo. Mara ya kwanza wazee wa Mwala, upande wa kijana, walikubali kuningoja. Wakirudishwa tena wataona tumewadharau, na aibu itabaki kwa msichana wangu.

Utauliza kompyuta gani hii inayomzuia mtu kumwoza bintiye. Hospitali yetu ina mashine kubwa inayoweka habari za wagonjwa: nani ana damu gani, nani amekatazwa dawa ipi. Kule Francistown, mbali kaskazini, iko pacha wake, mashine ya akiba. Kila linaloandikwa hapa huwekwa kwenye faili ndogo ndogo, nazo hutumwa kule kwa laini ya simu, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio. Hii ikifa, pacha anasimama mahali pake. Lakini akikosa faili moja tu, hapokei tena zinazofuata. Hata umletee gunia zima, hafungui mdomo.

Wiki jana diski ya hapa ilijaa. Modise, mwenzangu kazini, akaona rundo la faili akazifagia.

"Umefuta zipi?" nikamuuliza.

"Zile za juzi. Si zilikuwa zimeshafika Francistown?"

"Modise, juzi laini ilikuwa imekatika."

Akakaa sakafuni, mwanaume mwenye wajukuu. Nikakaa kando yake, maana kufagia nilimfundisha mimi, kuchungulia kwanza ndiko nilikosahau.

Na sasa mashine kubwa yenyewe imeanza kukohoa. Unasikia diski ikikwaruza kama jembe kwenye mawe. Ikifa leo, pacha ataamka na habari za wiki jana, na mtu atachomwa sindano ya dawa aliyokatazwa jana. Hakuna njia ila kunakili kila kitu upya, na ile laini ya simu haiwezi mzigo huo. Nakala iko kwenye kanda, na lazima niipeleke Francistown mwenyewe. Nilimwambia mkubwa wetu binti yangu anachumbiwa. Akasema, "Hongera. Ukienda Kenya sasa, usirudi."

Basi wewe ndiye utakayesimama, Mutua, na hapo ndipo naogopa kuliko hiyo diski. Kuna neno hulijui. Nilipokuwa nyumbani Krismasi, mimi na baba ya kijana tulikubaliana, wawili tu, nje ya kanisa: Mumbua amalize masomo ya unesi kwanza, ndipo ahamie Mwala. Sikukuambia kwa sababu nilijua nitakuwepo. Sasa nasikia wewe, kikombe mkononi, uliwaambia wajomba wa kijana, "Mchukueni hata kesho!" Mumbua ameniandikia: "Baba, uncle amenigawa kama sukuma wiki. Usipokuja watanichukua kabla ya mtihani." Nimeisoma mpaka karatasi inataka kukatika.

Nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kukuomba: kabla mkono wako haujashika kamba ya mbuzi hata moja, liseme neno hilo mbele ya wote. Baba ya kijana ni mtu wa haki, ataitikia. Wajomba ndio watabisha. Wakikataa kabisa, usiipokee kamba. Waende na mbuzi zao, na hiyo aibu nitaibeba mimi. Na usinywe kitu mpaka mambo yaishe. Hata uji, Mutua, maana nakujua.

Simu ya hapo posta imekufa, kwa hivyo barua hii anakuletea Syombua, nesi wa kwetu Kathiani anayeruka Ijumaa. Nimemwapisha asiilaze Nairobi.

Nisalimie mwaitu, umwambie naomba anishikie maombi. Msalimie mke wangu Ndinda. Najua amekasirika, lakini aniwekee hasira hizo mpaka nifike, kwa sasa sina pa kuziweka. Na shangazi Kalondu, aimbe kwa sauti yake yote ili pengo langu lisionekane sana. Mumbua usimpe salamu. Mpe neno lile lile, kwamba umelisikia na utalisema.

Modise amewasha gari, ananipeleka stendi. Wakiuliza, "Baba ya msichana yuko wapi?" usianze hadithi za kompyuta. Simama, vuta shati lifunike hilo tumbo, useme, "Niko hapa."

Ndugu yako anayekutegemea,
Muthama