Ng'ombe Aliyenong'onezwa

Mjukuu wangu Neema,

Huku Haneti hatujambo. Mvua imeanza, na baba yako mdogo amemaliza kupanda mtama. Umeniuliza kama lile neno la Kiingereza la kusema kwa sauti ya chini ndilo kunong'ona kwetu, maana mwalimu amewaambia ni kusema siri.

Mbona sisi tulinong'ona hata pasipo siri! Nilipokuwa msichana, ng'ombe wetu alifiwa na ndama, akakataa kukamuliwa. Mama aliijaza ngozi ya ndama majani makavu, akamwekea ailambe. Maziwa hayakutoka. Ndipo akamwegemea shingoni, akamnong'oneza sikioni kwa muda mrefu. Alipokamua tena, povu likajaa kibuyuni.

"Umemwambia nini?" nikauliza.

"Nimempa pole. Mfiwa utampigiaje kelele?"

Siku hizi masikio yangu ni mazito, na kila anayenipigia simu anapaza sauti. Maneno nayapata, ila nikikata simu nabaki mpweke. Chuo kikifungwa njoo, mama. Kaa karibu yangu uninong'oneze, hata kama sitasikia.

Bibi yako anayekungoja