Makaa Katika Jiko la Umeme

Jumanne, 10 Agosti 1943
Meli mpya! Bado inanuka rangi. Tumeondoka Ashtabula asubuhi, tunafuata madini ya chuma Two Harbors, bandari ya mbali kule juu ya maziwa. Watu thelathini na watano wa kulisha. Vilho mpishi mkuu, mimi mkewe ndiye msaidizi – kama ilivyokuwa miaka kumi na tisa kwenye meli yetu kuukuu, ambayo serikali imeichukua ikakatwe vyuma. Huku jiko ni la umeme. Unabonyeza, linawaka! Vilho analizunguka kama ameletewa ng'ombe asiye na chuchu. Namcheka. Moyoni sicheki. Tangu Machi anasahau. Mara mbili ametia chumvi kwenye kahawa ya Nahodha Dunleavy. Akigundulika atashushwa, na Vilho bila jiko atakufa kwa kukaa tu.

Alhamisi, 12 Agosti
Malango ya Soo, yanayoinua meli toka ziwa moja hadi jingine. Wanajeshi kila upande, wanayalinda kwa sababu ya vita. Naonja kila sufuria kabla haijatoka. Supu ya mbaazi alikuwa ameitia chumvi mara tatu. Nikaongeza viazi, ikapona. Akanifuma na kijiko mdomoni.
"Unadokoa nini, mwanamke? Njaa gani hiyo?"
Nikamwambia supu yake inanishinda. Akafurahi, akanibusu kisogoni mbele ya mabaharia. Wakapiga miluzi. Jamani, nampenda mzee huyu.

Jumamosi, 14 Agosti
Two Harbors. Madini yanaporomoka tumboni mwa meli, kila kitu chekundu, hata mkate. Nilitoka kuanika vitambaa. Dakika kumi tu! Narudi – moshi. Vilho ameomba ndoo ya makaa kwa wachochea moto wa boila, ameyapanga vizuri ndani ya oveni ya umeme, na gazeti chini. Ameyawasha! Baharia Gorski alikuwa anayazoa kwa koleo. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mzee, makaa haya mabovu. Nitakutafutia mengine." Mungu ambariki Gorski. Lakini moshi haufichiki.
Mchana tuliondoka. Jioni Nahodha kaniita. Kumbe ile kahawa ya chumvi aliinywa yote, mara zote mbili, asimwaibishe. Lakini moto ni kitu kingine, anasema. Ama tushuke wote wawili Ashtabula, ama mimi niwe mpishi mkuu na Vilho msaidizi, asiguse jiko. Anataka jibu kabla ya Soo.
"Ila umwambie wewe, Mama Hilja. Mimi sina ulimi huo."
Nami ninao? Nilipoolewa sikujua kuchemsha hata yai. Yeye ndiye aliyenishika mikono nikajua kukanda unga.

Jumapili, 15 Agosti
Naandika haraka, nimekaa juu ya gunia la viazi. Soo iko karibu. Baada ya chai nilifunga mlango nimwambie. Nilisema "Vilho", basi. Akanikalisha. Akanishika mikono, yake ina unga.
"Mke wangu, usinikasirikie. Siku hizi unasahau."
Mimi!
"Kahawa unaitia chumvi. Jana umetoka umeacha jiko halina moto, nikaenda kuomba makaa mwenyewe. Nimekuficha weee, nimechoka. Nahodha ameanza kunusa."
Nililia. Akadhani ni aibu, akanifuta machozi, akanipaka unga uso mzima.
"Nyamaza, Hilja. Hawakushushi. Nitasema ni mimi."
Amevua aproni. Amechana nywele kwa maji. Ametoka. Jikoni ni nyuma kabisa, chumba cha Nahodha mbele kabisa, na katikati sitaha yote ndefu ya meli hii. Namwona dirishani. Anatembea polepole, mgongo umenyooka. Gorski kamsalimia. Amepita nusu. Nikikimbia sasa nitamwahi –