Jibu Lisilong'atwa

Vwawa, Jumatano

Bado nimekasirika. Kwenye jaribio la hesabu za dozi, wanafunzi wangu wa uuguzi kumi na mmoja wamemwandikia mtoto wa kilo nane vidonge hamsini badala ya nusu kidonge. Hamsini! Kikokotoo kimesema, wao wamenakili. Na mwakani hawa wako wodini. Naogopa.

Wiki iliyopita Atupele, ambaye kwao Iyula wanalima kahawa, alilisimulia darasa kwamba mama yake haamini idadi ya siku za kuanika. Anaing'ata punje kwanza, aone kama imekauka au bado bichi. Nikawaambia, "Basi na jibu mling'ate kabla ya kuniletea." Walicheka sana, nami nikadhani wamenielewa...

Karatasi ya Atupele niliisahihisha mwisho. Naye kaandika hamsini! Nilishainua kalamu nyekundu ndipo nikaona maandishi madogo pembeni: "Mwalimu, nimeling'ata, bado bichi. Nimekosea mahali na muda umeisha. Ila huyu mtoto simpi."

Nimempa sifuri, maana jibu si sahihi. Lakini mwanangu akilazwa, naomba zamu iwe ya Atupele.