Mdomo wa Njano

Mlali, 3 Aprili 2024

Mwanangu Ruthu,

Hujambo huko chuoni? Sisi wazima, ila mgongo bado unamsumbua mama yako. Simu yangu imekufa, barua hii nampa kondakta wa basi.

Ndege wameshukia mtama wetu, wengi hadi shamba linavuma. Watu wanataka tuombe ndege ya kumwaga sumu. Nikakamata mmoja: mdomo wa njano. Wewe ulinifundisha kwelea kwelea ana mdomo mwekundu. Basi nikasimama mkutanoni nikasema hawa ni mnana tu, tuwafukuze kwa makopo. Wakanisikiliza.

Baba yako, Yotham

Mpwapwa, 5 Aprili

Shikamoo baba,

Mpe mama pole. Barua yako imenitia hofu. Kwelea jike akikaribia kutaga, mdomo wake hugeuka kuwa wa njano. Sikukwambia hilo. Nenda kwenye miiba ya korongoni. Ukikuta viota vimesongamana na madume wenye uso mweusi na mdomo mwekundu, ni wao. Waambie watu wote, leo hii. Na sumu ikimwagwa, mtu asiokote ndege yeyote akala. Yeyote, baba.

Binti yako, Ruthu

Hospitalini, Kongwa, 11 Aprili

Mwanangu,

Mimi na mama yako hatujambo.

Nilikwenda korongoni. Ni wao. Nikamweleza mwenyekiti peke yake. Kusimama tena mbele za watu niliona aibu. Jana jioni sumu ikamwagwa, na tangazo likapita kwa kipaza sauti, kwamba kwelea waliokufa wasiliwe. Leo asubuhi jirani yetu Kefa kapita na ndoo imejaa ndege.

"Hukusikia tangazo?"

"Hilo la kwelea, mzee. Hawa midomo ya njano. Si ulisema mwenyewe ni mnana?"

Nikaipiga ndoo teke. Akasema wengine ameshawachoma, amekula. Palepale mate yakaanza kumtoka, jasho likamlowesha, mboni za macho zikawa kama tundu la sindano. Tumemleta kwa bodaboda, nimemshikilia katikati. Yuko ndani. Mkewe hajaniangalia usoni hata mara moja.

Niombee, na umwombee Kefa.

Baba yako

Kongwa, 14 Aprili

Ruthu mwanangu,

Habari za huko? Kefa anapumua vizuri tangu jana, ameomba uji. Mtama haupo tena, ndege waliumaliza kabla ya sumu.

Aliponiona aliniuliza, "Mzee, kumbe walikuwa ndege gani?"

Nimemjibu kwa sauti, wodi nzima ikasikia. Kesho nitamjibu kila mtu pale kijijini.

Baba yako