Nekesa Anataka Udongo wa Kiamunyi

Baba Nekesa,

Habari ya nyumbani? Mgongo wako unaendeleaje? Na Wafula, kitinda mimba wangu, anakula ama ni chai tu? Shangazi Rasoa amepona mguu? Ng'ombe naye, ameshika mimba? Huku Ujerumani mimi ni mzima, ila baridi. Mjukuu wetu ameota meno na ananiita Kukhu vizuri kabisa.

Sasa nisikilize. Nimempa barua huyu nesi wa Molo anayekuja likizo, kwa sababu nikipiga simu Nekesa anasikia kila kitu.

Binti yako anataka umtumie udongo wa hapo kwetu Kiamunyi, ule wa majivu wa Menengai unaozamisha miguu. Anasema unafanana na wa mwezini. Kazini kwao wanauchoma kwa tanuri mpaka utoe hewa ya kupumua, halafu wanapata na maji. Nikamwambia maji iko Subukia, imejaa mito, wachote huko. Akacheka.

"Mama, huko juu hakuna mto wala hewa. Mtu akienda atapika udongo ndio anywe."

Nikamuuliza, "Nani anaenda?"

Akainuka kuosha vikombe, na vilikuwa safi. Unamjua. Tangu utoto akificha kitu anaosha vyombo.

Tena siku hizi anakimbia kila asubuhi kwa hiyo baridi, na amenyoa nywele. Anasema ni afya. Afya gani hiyo?

Baba Nekesa, sisi tulibeba udongo wa boma mara moja tu, wakati kaka yako alizikwa Uganda. Wa kumwekea juu, asilale ugenini peke yake. Sasa huyu anaitisha wake akiwa hai. Moyo wangu umekataa kutulia.

Kwa hivyo usichote kwanza. Mpigie, umuulize wewe: anaenda huko juu ama haendi? Wewe hajawahi kukudanganya. Akikwambia haendi, chota ule wa njiani, si wa karibu na kaburi la mama yako, umpe nesi akirudi. Kama anaenda, usitume hata kijiko.

Nisalimie mama mchungaji, na jirani yetu wa maziwa, lakini usimwambie kitu, atatangaza mpaka Kabazi.

Ni mimi mkeo, Mama Nekesa.

Fanya haraka. Nesi akifika nitaangalia mikono yake kabla ya kumsalimia.